Viatu vya Warumi na Miguu Mitupu ya Bibi Zetu

Zinapobaki siku chache Ramadhani imalizike, maduka ya Chake Chake hubaki wazi hata baada ya tarawehe, na kila mzazi wa Pemba anajua maana ya siku hizo: ni siku za kuhesabu fedha. Mtoto huyu anataka kanzu, yule anataka gauni, na wote wanataka viatu.

Idi iliyopita nilifuatana na mjukuu wangu, binti wa miaka kumi na sita. Tulisimama mbele ya duka moja ambalo mlangoni pake vilitundikwa viatu vya kike vya namna yake: kamba tupu, kutoka vidoleni hadi karibu na goti. Mwenye duka akatutajia jina lake kwa fahari. Akasema vinaitwa gladieta, kwamba ni viatu vya kale vya Warumi, na kwamba sasa dunia nzima inavirudia. Binti akanitazama kwa yale macho ambayo kila babu anayajua. Nikalipa.

Tulipofika nyumbani tulimkuta ami yake, yaani mwanangu mimi, amekaa barazani. Akavitazama vile viatu, akatikisa kichwa, akasema maneno manne tu: "Mwacha asili ni mtumwa." Kisha akaongeza kwamba kuwaiga makafiri ni jambo lililokatazwa. Binti hakujibu, kwa adabu. Alipita ndani na viatu vyake mkononi. Lakini usiku, nilipokuwa natia udhu, alinijia akaniuliza kwa sauti ndogo: "Babu, hiyo asili yetu sisi ni viatu gani?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi, nalo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja leo. Nitavikosoa viatu vile, maana vinastahiki kukosolewa. Lakini nitaikosoa na kauli ya mwanangu, na mwisho, Mwenyezi Mungu akinipa ujasiri, nitajikosoa mwenyewe.

VIATU VYENYEWE

Mwenye kutaka kukosoa kitu, kwanza na akitazame. Nilivichukua viatu vile nikavigeuza juu chini. Soli ni ya mpira mwembamba, imegandishwa kwa gundi wala haikushonwa. Kamba zake si ngozi, ni plastiki iliyotiwa rangi ya ngozi. Zimepishana mguuni kwa mapambo mengi, na zina vifungo vya rangi ya shaba. Lakini vifungo vile havifungui kitu wala havifungi kitu. Nyuma ya kisigino pana zipu, na mvaaji huingizia mguu hapo. Basi kamba zote zile, ambazo mtu angedhani ndizo zinazoushika mguu, zimewekwa ili zionekane tu.

Hili ni kosa la ufundi kabla halijawa kosa la tabia. Kiatu hiki kinajidai kufanya kazi ambayo hakiifanyi. Ngozi yake si ngozi, kifungo chake si kifungo. Na kama tutakavyoona, hata Urumi wake si Urumi.

Ama kauli ya kwamba ni haramu kwa sababu asili yake ni ya watu wengine, hapo ndugu zangu tuende taratibu. Amepokea Tirmidhi kutoka kwa Mughira bin Shuuba kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alivaa joho la Kirumi lenye mikono ya kubana. Na katika mapokezi mengine ya khabari hiyo, joho lile lilikuwa la Sham, na mikono yake ilibana hata ilimbidi atoe mikono kwa chini ili atawadhe. Kama nguo ingekuwa haramu kwa kuwa imeshonwa na watu wa Rumi, asingeivaa yeye. Kilichokatazwa ni kuiga watu katika ibada zao, upotofu wao na kiburi chao. Kamba ya kiatu haina dini. Lakini ina historia, na historia hiyo ndiyo tusiyoijua, si mwenye duka, si binti, wala si ami yake.

NI NANI HAO GLADIETA?

Jina hili linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya upanga. Gladieta ni mtu wa upanga. Lakini usidhani, ndugu msomaji, kwamba alikuwa shujaa au mheshimiwa. Aghalabu alikuwa mtumwa, au mateka wa vita, au mhalifu aliyehukumiwa. Wengine walijiuza wenyewe katika kazi hiyo. Pigano la kwanza la namna hii lililoandikwa katika mji wa Roma lilifanyika mwaka 264 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), katika maziko ya mtu mkubwa, ambapo jozi za watumwa zilipiganishwa kwa heshima ya maiti. Baadaye mchezo huo ukakua, na mwaka 80 baada ya Nabii Isa likafunguliwa jengo kubwa la Roma, Colosseum, ambalo magofu yake yapo hadi leo, watu wakikaa kwa maelfu kutazama binadamu wakiuana. Uwanja wenyewe ulimwagwa mchanga ili unyonye damu. Na neno lao la uwanja, arena, maana yake ni mchanga hasa.

Mwaka 73 kabla ya Nabii Isa, mmoja wa watumwa hao, aliyeitwa Spartacus, alitoroka katika chuo cha gladieta mjini Capua pamoja na wenzake wapatao sabini. Watumwa wengine wakamfuata kwa maelfu, wakayashinda majeshi ya Roma mara kadhaa. Waliposhindwa mwaka 71, mateka wapatao 6,000 walisulubiwa kando ya barabara kutoka Capua mpaka Roma.

Sasa lipo jambo la kustaajabisha. Warumi wamewaacha gladieta katika picha nyingi za vigae vilivyopangwa sakafuni na ukutani. Ukizitazama picha hizo utaona kofia za chuma, ngao, na vikinga vya miguu. Lakini mara nyingi nyayo zao ni tupu. Walipigana pekupeku juu ya mchanga. Viatu vya kamba nyingi tunavyoviona leo vinafanana zaidi na viatu vya askari wa Roma, vilivyoitwa kaliga, vyenye soli nene iliyopigwa misumari kwa ajili ya safari ndefu. Mfalme mmoja wao, aliyetawala kuanzia mwaka 37 hadi 41, alipewa lakabu ya Caligula, maana yake kijiatu, kwa kuwa alipokuwa mtoto kambini alivishwa viatu vidogo vya kiaskari.

Nani basi aliwavisha gladieta viatu hivi? Ni watu wa sinema na wafanya biashara. Filamu za Marekani kama Ben-Hur ya mwaka 1959 na Spartacus ya mwaka 1960 ziliwajaza watu fikra za Roma, na viatu vya kamba vikapendwa katika miaka ile, vikapita. Mwaka 2000 ikaja filamu iliyoitwa Gladiator, na haikupita miaka kumi viatu hivi vikawa vimeenea tena Ulaya na Marekani, na kutoka huko vikashuka mpaka katika meli na marobota yanayotufikia sisi.

Basi tazama, msomaji mpenzi. Mtu aliyenyimwa kila kitu hata uhai wake, leo jina lake linauziwa viatu ambavyo huenda hakuvivaa. Jina la mtumwa limebaki, mtumwa mwenyewe amefutwa.

KIATU NA CHEO

Viatu vya kamba ni vya kale kuliko Roma. Huko Oregon, nchini Marekani, mwaka 1938 vilifukuliwa pangoni viatu vilivyosukwa kwa maganda ya miti, vyenye umri wa zaidi ya miaka 9,000. Sura yake ni ile ile: wayo, na kitu cha kuushika mguu. Haja ya binadamu ni moja, mwiba ni mmoja, na mchanga wa jua kali ni mmoja.

Lakini haja ilipotimia, kiburi kikaingia. Mwaka 1922 lilipofunguliwa kaburi la Firauni Tutankhamun, aliyekufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, vilikutwa viatu vyake, na katika jozi moja pamechorwa juu ya wayo picha za mateka waliofungwa mikono. Kila alipokanyaga, aliwakanyaga. Hapo kiatu hakikuwa tena kinga ya mguu. Kilikuwa maneno, na maneno yenyewe ni haya: mimi niko juu, na wewe uko chini ya wayo wangu.

Yatie moyoni maneno hayo, kwani tutayakuta tena hapa hapa kwetu.

MAKUBADHI YETU

Mjukuu wangu aliuliza: asili yetu ni viatu gani? Jibu jepesi ni makubadhi. Na nani asiyeyajua? Soli ya ngozi iliyopandanishwa tabaka kwa tabaka na kushonwa kwa uzi, ukanda mpana wa kulalia mguu, na gidamu ya kupita baina ya vidole. Mengine hutiwa nakshi za ngozi ya rangi. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika pwani nzima kwa kazi ya ngozi na kwa viatu hivi, na mji huo huo ulisifika kwa kunakili misahafu. Na nyumbani palikuwa na mitawanda, viatu vya mti vyenye msuruaki wa kubanwa kwa vidole, vya kuendea chooni na kutilia udhu, ambavyo mlio wake juu ya sakafu wazee wenzangu wanaukumbuka.

Ukiyaweka makubadhi kando ya viatu vya Kirumi utaona kwamba ni jamaa moja: ngozi, ukanda, vidole wazi. Tofauti yao haipo katika asili ya Kiislamu au ya kikafiri. Ipo katika mlango. Askari wa Roma alifunga kamba zake asubuhi, akatembea kutwa, akazifungua usiku. Mtu wa pwani anavuka milango kutwa. Anavua akiingia ndani, anavua akipanda msalani, anavua akitia udhu, anavua mlangoni mwa msikiti mara tano. Kwa hivyo fundi wetu alitengeneza kiatu kinachovuliwa kwa hatua moja bila ya kuinama, na kuvaliwa vivyo hivyo. Hiyo ndiyo akili iliyomo ndani ya makubadhi, nayo haionekani ila kwa mwenye kuyavaa. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mafundi wa mapambo ya leo walijua kwamba hakuna mwanamke atakayekaa anafunga kamba mpaka gotini kila anapotoka, ndiyo maana wakaweka zipu. Lakini hata zipu ni mzigo kwa mtu wa milango mingi. Mjukuu wangu mwenyewe, siku ya Sikukuu Mosi, alipokwenda kuzungukia jamaa nyumba kwa nyumba, alirudi akilalamika kwamba kutwa alikuwa anainama. Hapo kiatu kilijikosoa chenyewe, pasi na msaada wangu wala wa ami yake.

Ningeweza kuishia hapa, ndugu msomaji. Ningesema: vaeni makubadhi, acheni ya Warumi, wassalaam. Makala nyingi za wazee huishia hapo, na zingine niliziandika mimi. Lakini jibu hilo lina uwongo ndani yake, na binti aliniuliza swali la kweli.

WALIOKATAZWA VIATU

Mwaka 1903 kilichapishwa kitabu kinachoeleza desturi za Waswahili, kilichokusanywa na Carl Velten kwa maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo. Humo ameeleza desturi ya mtumwa katika zama zilizopita: hakuvaa kofia, hakuvaa viatu, wala hakuvaa kanzu ndefu ya kumfunika miguu. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika juu ya mavazi ya watu wa Zanzibar, naye ameonyesha kwamba kichwa kitupu na miguu mitupu vilikuwa alama za utumwa, na kwamba walipoachwa huru watu walikimbilia kuvaa kile walichonyimwa.

Basi yale makubadhi tunayoyasifu, na ile mitawanda ambayo mlio wake tunautamani, havikuwa vya kila mtu. Vilikuwa mpaka. Upande huu muungwana, upande ule mtumwa. Firauni aliwachora mateka juu ya wayo wake. Sisi hatukuchora, tulikataza tu.

Na hapa Pemba khabari hiyo haiko mbali. Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaiangusha mikarafuu yake mingi. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Mashamba yakaongezeka, na mikono iliyochuma ikawa ya watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa kushikizwa na Waingereza, alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Lakini mtumwa ilimbidi mwenyewe aende kuudai uhuru wake, na masuria hawakuingia katika amri hiyo mpaka mwaka 1909.

Sasa niwie radhi, ndugu msomaji, nitasema jambo ambalo katika nyumba nyingi za kisiwa hiki halisemwi ila kwa kunong'ona.

Bibi yangu mzaa mama alinihadithia nilipokuwa kijana, tumekaa jikoni yeye na mimi, anachagua mchele. Aliniambia kwamba mama yake alikuwa mtumwa wa shamba la karafuu. Alifanya kazi kwa kaniki moja, kichwa wazi, miguu mitupu. Alipopata karatasi yake ya uhuru, na akaanza kuchuma karafuu kwa ujira, fedha yake ya mwanzo hakununulia nguo. Alinunua viatu vya ngozi. Siku ya Idi akavivaa aende navyo kuwaamkia watu. Lakini nyayo zake zilikuwa zimekwishapanuka na kukauka kwa miaka ya kwenda pekupeku, gidamu ikamuuma, ukanda ukambana, akawa anatembea kama mtu anayekanyaga miba. Watoto wakamcheka. Akafika mwisho wa njia ya shamba, akarudi. Hakuvivaa tena, ila kila Idi alikuwa akivitoa kashani, akivipangusa, akivirudisha. Bibi alikuwa akicheka akihadithia haya, kisha akanyamaza kimya kirefu, akaniambia: "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Nilioa, nikazaa, nikasomesha watoto wa watu skuli miaka mingi, na watoto wangu mwenyewe sikuwaambia.

ASILI NI IPI?

Rudi sasa, msomaji mpenzi, kwenye methali ya mwanangu: mwacha asili ni mtumwa. Tunaipenda methali hii. Tunawatupia vijana kila wakivaa suruali ya kubana au wakisuka nywele kwa mtindo mpya. Lakini nani amekaa akaifikiri? Yule bibi asili yake ilikuwa nini? Kwa mujibu wa zama zake, asili yake ilikuwa miguu mitupu. Kama angeishika, angebaki mtumwa. Aliiacha, na kwa kuiacha akawa huru. Kwake yeye methali ingesomeka kinyume: mshika asili ndiye mtumwa.

Na zaidi ya hayo, methali yenyewe inamfanya mtumwa kuwa tusi. Inamchukua mtu aliyedhulumiwa, inaifanya dhulma aliyotendewa kuwa aibu yake, kisha inamrushia mtoto anayependa viatu vipya. Mwanangu aliposema maneno yale barazani, alikuwa anamtukana bibi ya bibi yake bila ya kujua. Na hakujua kwa sababu gani? Kwa sababu mimi nilinyamaza.

Hapa ndipo ninapojikosoa. Nimemlaumu mfanya biashara kwa kuliuza jina la mtumwa na kumficha mtumwa mwenyewe. Na mimi je? Mimi nimehifadhi makubadhi katika fahari yangu, nimemficha aliyekatazwa kuyavaa. Yeye amefanya hivyo kwa ajili ya faida, na mimi kwa ajili ya haya. Kosa ni moja.

MIZANI YETU

Dini yetu imetupa mizani iliyo bora kuliko methali hiyo. Haikutukataza kupendeza. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba mtu mmoja aliuliza juu ya anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri, na Bwana Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Tazama vipi kiatu kilivyotajwa wazi wazi katika suala lile! Basi binti hakukosa kwa kupenda kiatu kizuri. Na ami yake, aliyedhani anapinga kiburi, yeye ndiye aliyemdharau mtu.

Bwana Mtume mwenyewe alivaa viatu vya ngozi vyenye kamba mbili, kama alivyosimulia Anas bin Malik. Alitufundisha kuanza na wa kulia tunapovaa na wa kushoto tunapovua. Na amepokea Abu Dawud kwa Fadhala bin Ubaid kwamba aliwaamrisha maswahaba mara nyingine waende miguu mitupu. Fikiri hekima iliyomo: mwenye viatu na auonje mchanga, asije akasahau kwamba kuna asiyekuwa navyo. Hata Nabii Musa (A.S.), alipofika katika bonde tukufu la Tuwa, aliamrishwa avue viatu vyake, kama ilivyo katika Sura Taha. Mbele ya Mola hakuna aliyevaa na aliyekatazwa, wote tunavua.

Lakini khabari iliyonikata usiku ule ni ya Bilal (R.A.). Unajua alivyokuwa: mtumwa wa Umayya bin Khalaf, akilazwa juu ya mchanga wa Makka unaowaka, na jiwe kifuani. Mchanga wa Roma ulinyonya damu ya watumwa, na mchanga wa Makka uliwaunguza migongo. Kisha Abubakar akamnunua akamwacha huru. Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba asubuhi moja, wakati wa sala ya alfajiri, Bwana Mtume alimuuliza Bilal ni amali gani anayoitarajia zaidi, kwani alisikia mlio wa viatu vyake mbele yake huko Peponi. Bilal akajibu kwamba hana kubwa, ila kila anapotawadha, usiku au mchana, husali kwa udhu ule kadiri alivyoandikiwa.

Wafalme wangapi walivaa viatu vya dhahabu, na nani amesikia mlio wao? Mlio uliosikiwa Peponi ni wa viatu vya mtu aliyekuwa mtumwa. Na kilichovipa sauti hiyo si ngozi yake wala fundi wake, ni udhu na rakaa za mtu asiyeonekana na watu.

HUKUMU YANGU

Basi hukumu yangu juu ya viatu vile ni hii. Ni vibaya kwa sababu vimeundwa vibaya: gundi badala ya uzi, pambo badala ya kifungo, na havikufikiria milango yetu. Ni vibaya kwa sababu vinauzwa kwa jina ambalo muuzaji halijui na mnunuzi haulizi. Si haramu kwa kuwa vina kamba, wala havimtoi binti katika asili yake. Mwenye uwezo na amnunulie mwanawe makubadhi ya fundi, si kwa kuwa ya Warumi ni najisi, bali kwa kuwa fundi anashona na anastahiki kula. Na hayo makubadhi yenyewe tusiyavae kwa kujiona waungwana, maana neno hilo nalo lina mpaka wake na watu walioachwa nje ya mpaka.

Usiku wa Sikukuu Pili niliwaita wote wawili, binti na ami yake, nikawahadithia kisa cha jikoni. Mwanangu aliinamisha kichwa muda mrefu. Kisha akauliza neno moja: "Baba, viatu vyake viko wapi?" Nikamwambia sijui, kasha lilikwenda na waliolirithi, na mimi sikuuliza. Binti ndiye aliyelia.

Kabla sikukuu hazijamalizika, soli ya kiatu kimoja cha gladieta ikaachia. Nilidhani ami yake atasema kitu. Hakusema. Alivichukua vyote viwili, akavipeleka kwa mshoni viatu, akamwambia aishone soli kwa uzi kila upande. Mjukuu wangu anavivaa mpaka leo, na nimemwona mara nyingine, akitoka njiani kuingia uani, anavivua akaenda pekupeku hadi mlangoni. Sikumuuliza kwa nini.

Ndugu msomaji, Idi ijayo utakapomnunulia mwanao viatu, mnunulie na khabari pamoja navyo. Mwambie nani katika nyumba yenu alivaa, na kama unajua, mwambie nani alikatazwa. Usiseme ni aibu. Aibu ni ya aliyekataza. Na ikiwa yupo bibi aliye hai jikoni anachagua mchele, kaa karibu naye umuulize, kabla kasha halijakwenda.

Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kutuwafikisha.